Sura ya 5: Miguu Imenikataa

Siku tuliyomtoa mama hospitalini, teksi ilitufikisha hadi langoni mwa ploti yake, Umoja 2, na hapo ndipo safari ilipoanza. Mama anaishi ghorofa ya nne. Jumba halina lifti, kama majumba mengi ya mtaa huu, na kutoka lango la chini hadi mlangoni kwake kuna vidato 64. Nilikuwa nimewahi kuvihesabu nikiwa na mtungi wa gesi begani. Mama, mwenye miaka 71, alikuwa amelala kitandani siku 10 kwa homa ya mapafu. Alipanda vidato 9, akaegemea ukuta, akaniambia polepole, "Miguu imenikataa."

Hakuwa akihema, maana mapafu yalishapona. Magoti hayakumuuma. Tulimpandisha kwa kiti cha plastiki, mimi na vijana wawili wa ghorofa ya chini, na kila tulipofika mlango ulifunguka, watu wakimpa pole. Usiku ule nilikaa sebuleni nikilirudia neno lake. Nimesoma vitabu na makala mengi tangu siku hiyo, na bado sijaona maelezo mafupi yaliyo sahihi kuliko hayo. Hakusema miguu imechoka wala imekonda. Alisema imekataa, kama mtu aliyeletewa amri asiitii. Na amri ya kusimama, ya kupanda, ya kujishika usianguke, hupitia kwenye neva.

Umoja haikujengwa iwe mtaa wa ngazi. Halmashauri ya jiji la Nairobi ilipouanzisha miaka ya 1970, kwa mkopo kutoka Marekani, ulikuwa mtaa wa nyumba za chini za makarani, walimu na wafanyakazi wa mapato ya kadiri. Umoja 2 ikafuata miaka ya 1980. Baadaye wenye nyumba wakaanza kujenga kwenda juu, ghorofa tatu, tano, saba, na leo ukisimama soko la Mutindwa ukitazama upande wa Innercore, unaona nguo zimeanikwa kila kibaraza hadi mawinguni. Waliokuja hapa wakiwa na miaka 30 wamezeekea humu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya karibu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi, na wengi tunadhani wako mashambani wakichunga mbuzi. Lakini wako pia ghorofa ya nne na ya tano, maji yakikatika wakingoja kijana wa mkokoteni awapandishie mitungi, na Jumapili wakisikiliza misa kwenye redio kwa sababu ngazi zimewashinda.

Nianze na kitanda. Mwaka 2007 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio dogo ambalo lilinishtua. Wazee wachache wenye afya njema, umri wa wastani miaka 67, walikubali kulala kitandani kwa siku 10. Hawakuwa wagonjwa, na chakula chao kilikuwa cha kutosha. Walipoamka, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo 1 ya msuli. Nenda kwa buchari, uagize kilo moja ya nyama isiyo na mfupa, uitazame ikiwa kwenye mizani. Hiyo ndiyo iliyoondoka kwa siku 10, kwa watu wasio na homa. Mama yangu alikuwa na homa, hamu ya chakula ilikuwa imekwisha, na kila alipotaka kuinuka aliambiwa na watu wanaomtakia mema, "Tulia mama, pumzika."

Hata hivyo nyama iliyopotea haielezi mambo yote. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia kwa miaka 3 watu waliokuwa katika miaka ya 70, wakipima ukubwa wa mapaja na nguvu ya kunyoosha goti. Matokeo yao ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba nguvu ilipungua kwa kasi karibu mara 3 ya kasi ya kupungua kwa msuli. Hata waliodumisha ukubwa wa misuli yao walipoteza nguvu. Msuli upo, lakini haufanyi kazi kwa kiwango chake. Kuna kitu kingine kinachovunjika, na kiko juu ya mguu, ndani ya uti wa mgongo.

Humo, usawa wa kiuno, zinakaa seli za neva zinazoamrisha miguu. Kila moja hutoa uzi mrefu unaoshuka hadi mguuni, na ukifika kwenye msuli unagawanyika kuwa matawi, kila tawi likishika uzi mmoja wa msuli. Neva moja pamoja na nyuzi zake zote nitaiita kikosi. Neva ikitoa amri, nyuzi zote za kikosi chake hukaza kwa pamoja, hakuna ubaguzi. Vikosi vya jicho vina nyuzi chache, kwa kuwa jicho linahitaji usahihi. Vya paja vina mamia na mamia, kwa kuwa paja linahitaji nguvu.

Mwaka 1977 madaktari wawili wa Newcastle, Uingereza, Tomlinson na Irving, walichapisha kazi ya uvumilivu mkubwa. Walichukua uti wa mgongo wa watu 47 waliokufa wakiwa kati ya miaka 13 na 95, wakazihesabu seli hizo chini ya darubini. Hadi kufikia umri wa miaka 60 hawakuona upungufu. Baada ya hapo hesabu ilianza kushuka, na kwa baadhi ya wazee zilikuwa zimebaki nusu tu ya zile za ujana.

Neva ikifa, nyuzi zake hubaki mayatima. Na hapa mwili hufanya jambo ambalo mtu wa mitaa hii ya Eastlands atalielewa bila kuelezwa. Jirani huwachukua wale watoto. Neva iliyo hai karibu huchipusha matawi mapya, ikawafikia baadhi ya mayatima, ikawaingiza katika kikosi chake. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza neva nyingi bila kujua, akiendelea kupanda matatu na kubeba mfuko wa viazi. Lakini jirani naye ana kikomo. Nyumba ikijaa, wengine hukosa pa kwenda, na uzi wa msuli usioamrishwa na mtu hunyauka hadi ukaisha. Mtafiti wa Sweden, Lexell, na wenzake walichunguza mwaka 1988 misuli ya paja ya wanaume 43 waliofariki ghafla, wa umri wa miaka 15 hadi 83. Kati ya miaka 20 na 80 msuli ulikuwa umepungua kwa asilimia 40 hivi, na sababu kubwa ilikuwa kwamba nyuzi zenyewe zilikuwa zimepungua idadi.

Kuna gharama nyingine ya malezi hayo ya jirani. Nyuzi za msuli zina tabia. Ziko za taratibu, zisizochoka, zinazotusimamisha jikoni saa nzima tukisonga ugali. Ziko za haraka, zenye nguvu nyingi kwa muda mfupi. Zinazoachwa mayatima mara nyingi ni za haraka, na wanaozilea ni majirani wa taratibu, basi nazo hujifunza tabia ya nyumba mpya. Mtu huyu akijikwaa kwenye ukingo wa barabara pale Moi Drive, ana sehemu ya sekunde tu ya kuutupa mguu mbele ujiweke. Amri inatoka, msuli unaitikia, lakini unachelewa. Tunasema mzee kaanguka kwa sababu barabara ni mbaya. Barabara ni mbaya kweli, lakini hata kijana aliyepita dakika moja kabla yake alijikwaa palepale, wala hakuanguka.

Hali hii ilipewa jina mwaka 1989 na Irwin Rosenberg wa Marekani: sakopenia, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya nyama na umaskini. Umaskini wa nyama. Jina limeenea duniani, nami naliona pungufu, kwa sababu linaitaja nyama likiisahau neva.

Swali ninaloulizwa na kila ninayemsimulia haya ni moja: kama neva zimekufa, mazoezi yatasaidia nini? Neva ya uti wa mgongo ikishakufa hairudi. Hilo ni kweli. Lakini zilizobaki ni nyingi, na zinafanya kazi chini ya uwezo wao.

Ushahidi wa kwanza kwamba nguvu inakaa kwenye neva kabla ya kukaa kwenye nyama ni wa zamani sana. Mwaka 1894, katika Chuo Kikuu cha Yale, mwanasaikolojia Edward Scripture na wasaidizi wake walimfanyisha mwanamke mmoja zoezi la kukamua kwa mkono wa kulia siku kadhaa mfululizo. Mkono wa kulia ukapata nguvu. Walipopima wa kushoto, ambao haukuguswa, nao ulikuwa umepata nguvu. Nyama ya mkono wa kushoto haikuwa imefanya kazi yoyote. Kilichojifunza ni kile kinachoiongoza mikono yote miwili, yaani ubongo na uti wa mgongo. Jambo hili limethibitishwa mara nyingi tangu hapo, na wataalamu wa fiziotherapia hulitumia kwa mgonjwa ambaye mkono mmoja umefungwa plasta: wanaufanyisha mazoezi ulio mzima ili uliofungwa usidhoofike sana.

Kisha likaja jaribio la Boston. Katika nyumba moja ya kulelea wazee, daktari Maria Fiatarone aliwaomba wakazi 10, wa umri wa miaka 86 hadi 96, wanyanyue uzito kwa miguu mara 3 kwa wiki. Wakati ule wengi waliona ni ukatili. Mzee wa miaka 90 alipewa blanketi na uji, hakupewa vyuma. Na uzito wenyewe haukuwa wa kubembelezana: asilimia 80 ya kile ambacho kila mmoja angeweza kuinua mara moja tu. Tisa walimaliza wiki 8. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Nguvu ya paja iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani karibu mara tatu ya ilivyokuwa. Wawili waliacha mkongojo. Lakini msuli wa paja, ulipopimwa, ulikuwa umenenepa kwa asilimia 9 tu.

Zitazame namba hizo mbili kwa pamoja, 174 na 9. Nyama haikuongezeka mara tatu. Kilichobadilika zaidi ni utiifu wa ile iliyokuwepo. Vikosi vilivyolala viliamshwa, vilivyokuwa vikiamrishwa kwa ulegevu vikaanza kupokea amri za haraka na za karibukaribu, na misuli inayopingana ikaacha kuvutana. Wazee wale walipoacha mazoezi kwa wiki 4 tu, walipoteza asilimia 32 ya nguvu waliyokuwa nayo. Hilo nalo uliweke akilini.

Sasa, kwa nini uzito uwe mzito? Kwa nini matembezi ya jioni hadi mtaa wa Tena na kurudi hayatoshi? Jibu lilipatikana Harvard, kuanzia miaka ya 1950, kwa kazi ya Elwood Henneman. Mwili hauiti vikosi vyote pamoja. Unaita vidogo kwanza, na vikubwa baadaye, kwa kadiri kazi inavyozidi. Fikiria matatu ya Umoinner imekwama kwenye matope msimu wa mvua. Kwanza makanga anashuka kusukuma peke yake. Ikigoma, wanashuka waliokaa karibu na mlango. Ikigoma tena, ndipo wale vijana wenye miraba minne waliokaa nyuma kabisa wanaombwa washuke. Kama barabara ni nzuri kila siku, vijana wa nyuma hawashuki mwaka mzima. Matembezi ni barabara nzuri. Yana faida kubwa kwa moyo, kwa sukari, kwa usingizi, wala sitaki mtu ayaache kwa sababu yangu. Lakini hayaviiti vikosi vikubwa, na ni vikosi hivyo ambavyo neva zake huanza kufa na ambavyo tunavihitaji tunapojikwaa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen wameliangalia jambo hili kwa karibu zaidi, mahali penyewe ambapo neva hukutana na msuli. Katika kazi waliyoichapisha mwaka 2022, wanaume wenye umri wa wastani wa miaka 72 walinyanyua vyuma vizito kwa wiki 16, na vipande vidogo vya misuli yao vikachunguzwa. Waliona dalili kwamba mazoezi hayo yanalinda kiungo kati ya neva na uzi wa msuli kisiachie. Watafiti wa Copenhagen hawakusema kwamba neva zilizokufa zilifufuka. Walisema zilizopo zinashikilia. Na mwaka 2024 ikatoka kazi nyingine ya jiji hilohilo: kati ya watu 451 waliokuwa katika umri wa kustaafu, wale waliofanya mazoezi ya vyuma vizito mara 3 kwa wiki kwa mwaka 1 walikuwa bado na nguvu ya miguu ileile walipopimwa mwaka wa nne. Wengine wote, pamoja na waliofanya mazoezi mepesi zaidi, walikuwa wameshuka.

Nilipomweleza mama haya, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi nimebeba maji na kuni tangu nikiwa msichana. Kama mzigo ni dawa, mbona nimefika hapa?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa, na jibu lake liko hapahapa Kenya. Miaka ya 1980, Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake kutoka nje waliwapima wanawake wa Kikikuyu na wa Kijaluo wakitembea na mizigo. Wakikuyu walibeba mgongoni kwa ukanda wa kwenye paji la uso, Wajaluo kichwani. Matokeo, yaliyotoka katika jarida la Nature mwaka 1986, yaliwashangaza wanasayansi: mzigo uliofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwagharimu nguvu yoyote ya ziada. Walitumia hewa ileile ambayo wangeitumia wakitembea mikono mitupu. Mwaka 1995 baadhi ya wenzake Maloiy walieleza siri yenyewe. Ilikuwa kwenye mwendo, jinsi mwili unavyobembea kutoka mguu mmoja hadi mwingine kama bembea isiyopoteza kasi. Ni ujuzi uliokaa kwenye neva, uliofundishwa na miaka ya kubeba tangu utotoni.

Kwa hiyo mama alikuwa sahihi, nami nilikuwa sahihi. Mwili uliozoea mzigo hujifunza kuubeba kwa gharama ndogo, na mzigo usiogharimu haujengi. Tena alipohamia mjini, mizigo ile ilikwisha. Na kazi si mazoezi. Kazi haikuulizi leo uko vipi. Haikupi siku ya kupumzika ili nyuzi zilizochanika zijirekebishe, wala haikuongezei uzito kwa kipimo. Inakupa ndoo ileile kila alfajiri, mwaka hadi mwaka, hadi uti wa mgongo unapinda. Wanawake wengi wa kizazi cha mama walitolewa nguvu na mizigo, hawakupewa. Siwezi kuuimba mzigo wa kuni kama dawa. Ninachosema ni kwamba mzigo una kipimo, kama dawa ilivyo na kipimo.

Tulitafuta kipimo hicho na dada mmoja wa fiziotherapia aliyekuja nyumbani mara tatu, kisha akatuachia tuendelee. Alianza na kiti. Alimwambia mama akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara 5 bila kujishika, naye akashika saa. Kipimo hiki hutumiwa na madaktari wa Ulaya: anayepitisha sekunde 15 anahesabiwa kuwa na nguvu ndogo ya miguu. Mama hakuinuka hata mara moja bila mikono. Basi tukaweka mito miwili juu ya kiti ili kiwe kirefu, akainuka mara 3, akapumzika, akarudia. Wiki iliyofuata tukatoa mto mmoja.

Uzito ulikuwa maji. Jim za mtaani ziko, zile za vyuma vilivyotengenezwa kwa kumwaga saruji kwenye mikebe ya rangi na kuchomeka bomba katikati, na vijana huzitumia vizuri. Lakini mama hangeingia humo, na fedha za serikali za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70, zina kazi nyingine kabla ya jim. Mtungi wa maji ni mizani iliyo tayari. Lita 1 ni kilo 1. Tulichukua mitungi miwili ya lita 5, ile iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, tukaweka lita 2 kila mmoja, akatembea nayo koridoni kwenda na kurudi. Kila alipoweza bila taabu tuliongeza nusu lita. Kanuni aliyotuachia yule dada ni kwamba zoezi lirudiwe kati ya mara 8 na 12, na zile mbili za mwisho ziwe ngumu kwelikweli. Zikiwa rahisi, ongeza maji. Zikishindikana, punguza. Mara 3 kwa wiki, na siku moja katikati ya kupumzika; Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka angalau siku 2 kwa wiki za kuimarisha misuli. Tena ahesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu," kwa sababu anayehesabu kwa sauti hawezi kuzuia pumzi, na kuzuia pumzi ndiko kunakopandisha presha ghafla. Maumivu ya msuli siku ya pili ni ya kawaida. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au goti linalovimba, hapo unaacha na kwenda kwa daktari. Na mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyotulia aonwe na daktari kabla ya kuanza.

Nilimpima paja kwa utepe wa fundi cherehani kila Jumamosi. Wiki ya tatu alikuwa akiinuka kwenye kiti mara 8 bila mikono, na utepe ulisoma vilevile kama siku ya kwanza. Hapo ndipo nilipoamini zile namba mbili za Boston, kwa kuziona kwenye mguu ninaoujua. Yule dada aliporudi alimwambia, "Mama, sasa usiinuke polepole. Ruka kama umesikia maziwa yanafurika. Kukaa ndiyo ukae polepole." Kuinuka kwa kasi ndiyo lugha ya nyuzi za haraka.

Chakula kilikuwa vita ndogo. Mama, kama wazee wengi wa mtaa, alikuwa amefikia hatua ya kula chai na slesi mbili za mkate jioni akasema ameshiba. Wataalamu wanapendekeza mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72, na ile chai yake na mkate haifiki 10. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina kama 15, glasi ya maziwa 8. Omena, ndengu, githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi: vitu hivi viko Mutindwa kila siku, wala si vya matajiri. Mzigo bila chakula ni kumjengea mtu nyumba bila kuleta mawe. Mgonjwa wa figo tu ndiye asiyeongeza protini bila kumwuliza daktari wake.

Vita kubwa ilikuwa ya heshima. Kila mama aliposhika mtungi, mtu alitokea. "Shosho, wacha, leta nikusaidie." Vijana wa ploti ni wenye adabu, na adabu yao ilikuwa ikimrudisha kitini. Dada zangu walinipigia simu wakilia kwamba namtesa. Mama mwenyewe, siku moja, aliweka mtungi chini akaniambia, "Nilikuzaa ili unibebee, sasa wewe ndiwe unayenibebesha?" Sikuwa na jibu la haraka, na hata leo neno hilo linanichoma. Nilimwambia tu, "Mama, nataka ushuke hizi ngazi mwenyewe siku ya Jumapili." Alinitazama kwa muda, akauinua.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inataja haki za wazee. Sisi hukumbuka ile ya kutunzwa na jamaa na serikali. Ukikisoma kifungu chenyewe, hiyo ndiyo ya mwisho. Ya kwanza ni kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na ya pili ni kujiendeleza. Nadhani mpangilio huo ni sahihi. Mzee asiyeweza kushuka ngazi hashiriki chochote, hata akitunzwa vipi.

Wapo waliolielewa hili kabla yetu, nao wako jirani. Kule Korogocho, ng'ambo ya Kariobangi, akina nyanya wa kikundi cha Shosho Jikinge wamekuwa wakijifunza kupiga ngumi na mateke kwa miaka mingi, baadhi yao wakiwa wamepita miaka 80. Hawakuanza kwa ajili ya afya. Walianza kwa sababu wahalifu walikuwa wakiwabaka vikongwe, na mtaa ulikuwa umenyamaza. Wanafundishwa pa kupiga: pua, kidevu, mtulinga. Wanapiga kwa kasi, wakipaza sauti. Kwa macho ya sayansi niliyoieleza katika sura hii, wanafanya lile lile ambalo vikosi vikubwa vinalingoja: nguvu nyingi, ghafla, mara kwa mara, pamoja na wenzao. Ningependa Umoja iwe na kikundi cha namna hiyo katika kila uwanja wa kanisa na kila msikiti, hata kama hakuna anayepigana na mtu.

Mama alishuka ngazi wiki ya saba. Wiki ya kumi na mbili alizipanda zote 64, akipumzika mara moja ghorofa ya tatu, akiwa na mfuko wa sukuma mkononi. Hadi leo anafanya mazoezi yake Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa sababu anajua habari ya wale wazee wa Boston na wiki zao 4 za kuacha.

Kama una mzazi anayeishi juu ya ngazi, mtembelee wiki hii. Chagua kiti kisichotikisika, kiegemeze ukutani, simama karibu naye. Mwombe akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara 5, nawe uhesabu sekunde kwa simu yako. Andika namba hiyo pamoja na tarehe mahali mtakapoiona wote wawili, na wiki ijayo urudi.